LITA, PAINTI, GALONI NA MEDA: TUJUE VIPIMO VYA JIKONI



Katika mikutano ya akina mama na katika zamu za kugawa chakula, swali moja linarudi kila mara: kikombe kimoja ni kiasi gani? Mmoja anasema ni kikombe cha chai, mwingine anasema ni kopo la plastiki la kunywea maji, na wa tatu anashika bakuli. Mfuko wa unga umeandikwa kilo, kopo la mafuta limeandikwa lita au galoni, soko la Kashikishi linapima kwa meda, na karatasi ya kufundishia mkate inasema painti. Wote wanasema kweli, lakini hawasemi jambo moja.

Makala hii inaeleza vipimo hivyo, namna ya kugeuza kimoja kuwa kingine, na namna ya kujitengenezea kipimo nyumbani bila kununua kitu. Mnaombwa kuisoma pamoja na wale wasiojua kusoma.

Jambo hili si la jiko peke yake. Mtu akikosea maji ya bukari, ataongeza unga kidogo na watu watakula. Lakini akikosea maji ya dawa ya mtoto anayeharisha, mtoto anaweza kuumia. Na anayeuza mahindi yake kwa kipimo asichokijua anapoteza jasho lake bila kuona.

1. KWA NINI VIPIMO NI VINGI

Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana mpaka unaofuata mto Luapula na ziwa Mweru. Watu wa pande mbili walibaki ndugu, wanavua samaki wale wale na kupika bukari ile ile, lakini serikali zikawa mbili, na vipimo vikawa viwili.

Upande wa Kongo, Wabelgiji walileta lita na kilo, vipimo vilivyowekwa kwa sheria Ufaransa mwaka 1795. Ndiyo maana wazee wetu wa Pweto, Kilwa na Moba hawakujua painti. Upande wa Zambia, iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini mpaka uhuru wa mwaka 1964, Waingereza walileta galoni, painti, aunsi na ratili. Baada ya uhuru Zambia ilihamia lita na kilo, na leo shule na maduka yanatumia hizo. Lakini vipimo vya kale havikufa. Vimebaki katika vitabu vya zamani vya mapishi, katika vikombe vya bati, na katika vinywa vya watu.

Tena Marekani, ambako hutoka sehemu ya chakula cha msaada, bado inatumia galoni, painti na vikombe. Na hapo pana mtego: galoni ya Marekani siyo galoni ya Uingereza. Wamarekani walibaki na galoni ndogo ya divai iliyowekwa kwa sheria Uingereza wakati wa Malkia Anne, mwaka 1707. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824 wakaweka galoni mpya iliyo kubwa zaidi. Jina ni moja, ujazo ni mbalimbali.

2. VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Katika makala hii, tukisema "kikombe" tunataka kusema kikombe cha mililita 250, yaani robo ya lita. Mililita huandikwa kwa kifupi ml.

Vipimo vya lita:
- Lita 1 ni ml 1,000, sawa na vikombe 4.
- Nusu lita ni ml 500, sawa na vikombe 2.
- Kijiko kikubwa cha chakula ni ml 15.
- Kijiko kidogo cha chai ni ml 5. Vijiko vidogo 3 ni kijiko kikubwa 1.

Vipimo vya Uingereza:
- Galoni 1 ni painti 8, karibu lita 4 na nusu (lita 4.55), sawa na vikombe 18.
- Painti 1 ni ml 568, sawa na vikombe 2 na robo.
- Nusu painti ni ml 284, sawa na kikombe 1 na vijiko vikubwa 2.

Vipimo vya Marekani:
- Galoni 1 ni painti 8, karibu lita 3.8, sawa na vikombe 15.
- Painti 1 ni ml 473, sawa na vikombe 2 kasoro vijiko vikubwa 2.
- Kikombe cha Marekani ni ml 237, yaani kikombe chetu kasoro kijiko kikubwa 1.

Aunsi ya ujazo, ya Uingereza au ya Marekani, ni karibu ml 30, sawa na vijiko vikubwa 2. Kwa kupika hiyo inatosha.

Utajuaje ni galoni ya nani? Kwanza tazama kama lita imeandikwa pia. Makopo na chupa nyingi huandikwa vyote viwili. Ukiona namba iliyo karibu na L au ml, ifuate hiyo, achana na nyingine. Kama lita haikuandikwa, tazama kitu kimetoka wapi. Kikitoka Marekani, hesabu galoni ndogo. Kitabu cha zamani cha Zambia, Kenya, Tanzania au Uingereza, hesabu galoni kubwa.

Wenye ndugu waliokaa Nyarugusu, Tanzania, watasikia pia debe, sado na pishi. Debe la kale ni kopo la mafuta ya taa la galoni 4 za Uingereza, yaani lita 18 na kidogo. Kwa hiyo debe halijazi dumu la lita 20. Sado ni kopo la rangi la lita 4, limepata jina lake kutoka rangi ya Sadolin. Pishi ni kipimo cha pwani, na pishi moja ni vibaba 4. Ndicho kibaba kile cha methali, haba na haba hujaza kibaba.

3. LITA SI KILO

Hapa ndipo mabishano mengi ya kugawa yanapoanzia. Lita hupima nafasi ambayo kitu kinajaza. Kilo hupima uzito wake. Kwa maji ni sawasawa: lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa vitu vingine si hivyo. Kikombe kimoja cha ml 250, kilichofutwa juu, kina uzito huu kwa kukadiria:

- Maji: gramu 250
- Mafuta ya kupikia: gramu 230
- Unga wa mahindi: gramu 135
- Mchele: gramu 200
- Maharage makavu: gramu 195
- Sukari: gramu 210
- Chumvi: gramu 300

Basi ukiona kopo la lita 1 limejaa unga, usiseme umepewa kilo. Umepewa gramu 540 hivi, zaidi kidogo ya nusu kilo. Na mgawaji akijaza kopo hilo hilo maharage, umepata karibu gramu 780. Hakuna aliyeiba. Unga ni mwepesi kuliko maharage.

Unga pia hubadilika kwa namna unavyojazwa. Ukitikisa kopo au kushindilia kwa mkono, unga mwingi zaidi unaingia. Kwa hiyo wagawaji wote wa zamu moja wanapaswa kujaza kwa namna moja: kuchota, kutoshindilia, na kufuta juu kwa kijiti kilichonyooka. Kipimo kilichofutwa hivyo wazee wanakiita mfuto. Kipimo chenye kichwa kinazidi mfuto, na kichwa cha mtu mmoja si sawa na cha mwenzake.

Hata katika kukopeshana kati ya majirani, jambo hili linaokoa amani. Mama akimkopesha mwenzake vikombe 3 vya unga kwa mfuto, arudishiwe vikombe 3 kwa mfuto, kwa kikombe kile kile. Tumepatanisha majirani walionuniana wiki nzima, na tulipouliza, tuliona kila mmoja alipima kwa kopo lake.

4. MAFUTA: MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kuhesabu tu, siyo tangazo la mgao. Tuseme mtu mmoja anahesabiwa gramu 25 za mafuta kwa siku. Nyumba ina watu 5, na siku ni 30.

25 × 5 × 30 = gramu 3,750, yaani kilo 3.75.

Kilo hizo ni lita ngapi? Lita 1 ya mafuta ni gramu 920. Ukigawanya 3,750 kwa 920, unapata lita 4 na kidogo. Kwa hiyo kopo la lita 4 linakaribia kutosha nyumba hiyo. Lakini likiwa kopo la galoni 1 ya Marekani, lina lita 3.8 tu, na nyumba imepungukiwa na kikombe kimoja na zaidi kidogo. Ndiyo sababu tunasema: usihesabu makopo, soma lita.

Kwa kila siku, gramu 25 za mafuta ni ml 27, karibu vijiko vikubwa 2 kwa mtu. Mama wa watu 5 anayetumia vijiko vikubwa 9 kwa siku, mafuta yake yatafika mwisho wa mwezi. Akimimina kwa macho kutoka kwenye kopo, mara nyingi hayafiki.

5. MFANO WA MKATE

Vijana na akina mama wanaooka mikate au kukaanga vitumbua vya kuuza hukutana na mapishi ya kale kama haya: ratili 2 za unga wa ngano, painti 1 ya maji ya vuguvugu, nusu aunsi ya hamira kavu, aunsi 2 za sukari, vijiko vidogo 2 vya chumvi.

Tuyageuze. Aunsi hapa ni ya uzito, siyo ya ujazo. Aunsi 1 ya uzito ni gramu 28, na ratili 1 ni aunsi 16, yaani gramu 454.

- Unga: ratili 2 ni gramu 908. Ni kilo moja kasoro gramu 92.
- Maji: painti 1 ya Uingereza ni ml 568, vikombe 2 na robo.
- Hamira: gramu 14.
- Sukari: gramu 57, vijiko vikubwa 4 na nusu.
- Chumvi: vijiko vidogo 2, vya mfuto.

Mwokaji akichukua painti ya Marekani kwa mapishi hayo, atatia ml 473, pungufu ya ml 95. Donge litakuwa gumu, mkate utakuwa mdogo na mzito, na atadhani hamira imekufa. Hamira ni nzima, maji ndiyo yamepungua.

Kumbuka pia kanuni hii. Kama mapishi yote yanahesabiwa kwa chombo kimoja, chombo chochote kinafaa. Wali ni kipimo 1 cha mchele kwa vipimo 2 vya maji. Unaweza kutumia kikombe, kopo au bakuli, mradi ni kile kile kwa mchele na kwa maji. Shida inaanza pale unapochanganya chombo cha nyumbani na kilo, lita au pakiti ya kiwandani.

6. SOKONI: MEDA NA MBASELA

Katika masoko ya Nchelenge na Kashikishi, mahindi, maharage na karanga hupimwa kwa meda. Kwa kawaida meda ni ndoo au dumu lililokatwa, linalohesabiwa kuwa la lita 5. Meda 4 za namna hiyo zinajaza chombo cha lita 20. Meda moja ya maharage makavu ina karibu kilo 3.9, na meda ya mahindi ina karibu kilo 3.7.

Lakini meda inaweza kubadilishwa. Plastiki ikipashwa moto hupanuka au hupindwa. Mtu anayeuza kwa meda anaweza kuingiza kitako ndani ili ijae upesi. Mtu anayenunua mahindi kwa wakulima anaweza kuipanua ili imeze zaidi. Serikali ya Zambia ina chombo chake cha vipimo, Zambia Metrology Agency, kinachosimamia mizani na vipimo vya biashara, na mizani iliyokaguliwa ndiyo njia ya haki zaidi. Pale ambapo hakuna mizani, pima meda yenyewe.

Hasara yake ni hii. Ukinunua kwa meda iliyoingizwa kitako ikabaki lita 4 na nusu, kila meda unapoteza vikombe 2. Kwa meda 10 umepoteza lita 5, yaani umelipia meda 10 ukapeleka nyumbani 9. Ukiuza mahindi yako kwa meda iliyopanuliwa mpaka lita 6, kwa kila meda 5 umetoa meda moja ya bure. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Chisense wakavu hupimwa kwa kikombe au kwa sahani. Samaki hao wana nafasi kubwa katikati yao, na kikombe kilichotikiswa kina wengi kuliko kisichotikiswa. Omba kitikiswe mara moja, kisha upatane bei. Mbasela, ambayo kwetu tunaiita matabishi, ni nyongeza ya hiari ya mwuzaji. Isikufanye usahau kutazama kipimo chenyewe, kwa kuwa mbasela ya kiganja kimoja hairudishi vikombe 2 vilivyopotea.

7. TENGENEZA KIPIMO CHAKO

Unahitaji chupa moja ya maji ya plastiki iliyoandikwa 500 ml, kopo au jagi linaloonyesha ndani, na msumari au kalamu isiyofutika.

- Osha chupa. Ijaze maji mpaka pale maji yalipofika ilipokuwa mpya, siyo mpaka mdomoni kabisa.
- Weka kopo mahali palipo sawa. Mimina maji yote ya chupa. Piga alama mahali maji yalipofika, andika NUSU LITA.
- Mimina chupa ya pili, piga alama, andika LITA 1.
- Kupata kikombe cha ml 250, gawa maji ya chupa katika vikombe 2 vinavyofanana mpaka viwe sawasawa. Piga alama kwenye kimoja. Hicho ndicho kikombe chako.
- Kukagua meda, imiminie maji ya chupa hiyo. Meda ya kweli ya lita 5 inapokea chupa 10.
- Dumu, ambalo Wazambia wanaliita chigubu na wengi wetu tunaliita bidoni, likiwa la lita 20 linapokea chupa 40. Fanyeni pamoja na majirani, kisha maji hayo yatumike kufulia.

Vijiko vya nyumbani pia havilingani. Kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto huandikwa 5 ml. Kitunze, ndicho kijiko kidogo cha kweli.

8. PALE LITA LAZIMA IWE LITA

Kuna mambo ambayo hayakubali kukadiria.

La kwanza ni dawa ya kuhara ya pakiti, ORS, ambayo huko Kongo tuliijua kama SRO. Soma pakiti. Nyingi ni za lita 1 ya maji safi, lakini ziko pia pakiti ndogo za maji pungufu. Pakiti ya lita 1 inataka vikombe 4 vya ml 250. Mtu akiitia katika kikombe cha bati cha painti moja akidhani ni lita, dawa inakuwa kali karibu mara mbili. Chumvi iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto aliyekwisha kukauka. Akitia maji mengi mno, dawa haina nguvu.

Kama hakuna pakiti, tengeneza ya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa mfuto. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Mtoto anayeharisha sana, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye macho yaliyoingia ndani, apelekwe kliniki mara moja huku akinyweshwa njiani.

La pili ni dawa ya klorini ya kutakasa maji ya kunywa. Maelezo yake huandikwa kwa lita. Jua kwanza chombo chako ni cha lita ngapi, kisha fuata maandishi ya chupa. Kipindupindu kimefika pwani ya Mweru zaidi ya mara moja, na dawa pungufu ni kama hakuna dawa.

La tatu ni uji wa watoto wa unga wenye lishe. Mfuko unaonyesha unga na maji kwa gramu. Ukitumia vikombe, rudi kwenye orodha ya namba 3: unga ni mwepesi, hivyo gramu 250 za maji ni kikombe 1, lakini gramu 250 za unga ni karibu vikombe 2. Uji mwepesi mno hujaza tumbo la mtoto bila kumshibisha.

9. KUMBUKENI

- Lita 1 ni vikombe 4 vya ml 250.
- Painti ya Uingereza ni vikombe 2 na robo. Ya Marekani haifiki vikombe 2.
- Galoni ya Uingereza ni lita 4 na nusu. Ya Marekani haifiki lita 4.
- Lita ya maji ni kilo. Lita ya unga ni nusu kilo na kidogo.
- Pima kwa mfuto, kwa chombo kimoja.
- Kagua meda kabla ya kununua au kuuza.
- Kwa dawa ya mtoto na maji ya kunywa, tumia lita yenye alama.

Mwenye swali, au anayetaka kukagua kopo lake, amwone mhamasishaji wa jamii wa eneo lake. Aje na chombo chake, tutakipima pamoja.